Je, Wajua? Shujaa Aliyependwa London Alikuwa Haramia

Je, wajua kwamba shairi refu la mshairi Mwingereza Lord Byron, The Corsair, liliuza nakala 10,000 siku ya kwanza tu lilipotoka mwaka 1814? Shujaa wake, Conrad, ni haramia wa baharini: mpweke, mwenye kiburi, amebeba siri moyoni na hataki kuhurumiwa na mtu. Anavamia mji, anatia moto, kisha anajihatarisha mwenyewe ili wanawake wa adui yake wasiungue. Ndivyo wasomaji wa enzi ya ulimbwende (Romanticism) walivyompenda shujaa, peke yake dhidi ya ulimwengu. (Jirani wa namna hiyo leo tungemripoti polisi.)

Byron mwenyewe alikwenda Ugiriki kupigania uhuru wa Wagiriki. Hakufa vitani, aliuawa na homa huko Missolonghi, Aprili 1824, akiwa na miaka 36.

Miaka 80 baadaye kipimo cha ushujaa kilikuwa kimegeuka. Januari 1904, mgodi wa makaa ya mawe wa Harwick, Marekani, ulilipuka ukaua watu 179. Selwyn Taylor na Daniel Lyle walioshuka kuokoa wengine wakafa pia. Mwaka huohuo tajiri Andrew Carnegie akaanzisha mfuko wa kuwaenzi raia wanaohatarisha uhai wao kwa hiari kumwokoa mwenzao. Mfuko hauulizi mtu ana kiburi au majonzi gani. Unauliza alifanya nini. Nishani yake ya shaba hutolewa hadi leo.