Bakuli la mbao: litazame juani kabla ya kulipa

KAMEMBE, Rusizi – Mchuuzi anayenunua mabakuli ya mbao Kamembe ili ayavushe kwenda Bukavu hupata au kupoteza faida yake kwenye msasa.

Bakuli likishakerezwa hubaki na alama za patasi. Fundi makini huziondoa kwa msasa namba 80, kisha 120, 180 na 240. Haruki hata mmoja, maana kila msasa hufuta mikwaruzo ya uliotangulia. Halafu hulipangusa kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi za mti zisimame. Likikauka, hulisugua tena kidogo. Hatua hiyo ikirukwa, bakuli huota vinyweleo mteja anapoliosha mara ya kwanza. Mwisho hupakwa mafuta au nta ya nyuki.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, lielekeze juani: mikwaruzo ya mviringo itajionyesha. Pitisha kidole ndani. Likiwa zito kuliko mengine ya ukubwa na mti uleule, huenda bado ni bichi na litapasuka likikauka. Likipasukia ng'ambo ya Mto Rusizi, hasara ni yako. Fundi amebaki Kamembe.