Nasaba ya Bakteria na Hatari ya Saratani ya Tumbo

Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa matokeo ya pilipili, mawazo na asidi iliyozidi tumboni, mpaka mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, Australia, walipofaulu kuotesha maabarani bakteria aliyejipinda ambaye leo huitwa Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo hukadiriwa kuishi katika matumbo ya karibu nusu ya wanadamu, lakini walio wengi hawaumwi, wachache hupata vidonda, na wachache zaidi hupata saratani.

Sehemu ya sababu ya tofauti hiyo imo katika jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, kwa kuwa bakteria huyu hubadilika upesi na hupeana vipande vya urithi na wenzake. Jeni iitwayo cagA hutengeneza protini ambayo bakteria huidunga, mfano wa sindano, ndani ya seli za utando wa tumbo, nayo ikishaingia huvuruga ukuaji wa seli hizo. Ndiyo maana bakteria wenye jeni hiyo ni wa hatari zaidi. Hata cagA yenyewe haifanani kila mahali, kwani ile ya Asia Mashariki, ambako saratani ya tumbo ni nyingi, huvuruga seli kwa nguvu zaidi kuliko ile ya Ulaya.

Funzo kubwa zaidi, hata hivyo, limetoka katika jimbo la Nariño nchini Kolombia, ambako wakazi wa Túquerres, mji wa milima ya Andes, hupata saratani ya tumbo takriban mara 25 zaidi kuliko wakazi wa Tumaco, mji wa pwani wenye wazao wengi wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, ingawa bakteria huyu ameenea sana katika miji yote miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba bakteria wa nasaba ya Kiafrika hakuwadhuru sana watu wenye asili ya Afrika, ilhali aliwaumiza zaidi wale wenye asili kubwa ya wenyeji wa kale wa Amerika. Watafiti walieleza kuwa mwanadamu na bakteria walioishi pamoja kwa maelfu ya miaka huzoeana, na mazoea hayo huvunjika nasaba zinapochanganyika.

Kipimo cha kawaida cha kinyesi au cha pumzi huonyesha tu kwamba bakteria yumo, wala hakitaji nasaba yake, hivyo mgonjwa hawezi kujua kwa kipimo hicho kama bakteria wake ni wa hatari zaidi au la. Kwa hiyo aliyeandikiwa na daktari dawa za kumwua bakteria huyo azimalize zote hata maumivu yakitulia mapema, na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami afike hospitali siku hiyohiyo.