Ulinganifu wa Ulimwengu na Shauri la Mwanzo

Twaeni hostia moja kutoka kopo la sakristia, ambayo haijawekwa altareni wala haina alama yoyote, mkaiweke juu ya meza. Mwenzenu afumbe macho, nanyi mkaizungushe kidogo kama mpendavyo. Akifumbua macho hataweza kusema kama imezungushwa au hapana. Kiisha fanyeni vilevile na hostia yenye alama ya msalaba wa mikono sawasawa. Sasa mzunguko mdogo unaonekana mara moja. Ni mizunguko ya robo, ya nusu na ya robo tatu tu inayofichika.

Ndiyo maana ya ulinganifu, ambao wenye elimu wanauita simetria. Si uzuri wa macho tu. Ni yale mageuzo ambayo kitu kinayapokea kisionekane kuwa kimebadilika. Hostia tupu inapokea mizunguko isiyo na idadi. Yenye msalaba inapokea minne tu, tukihesabu pia ule wa kuiacha kama ilivyo. Mwaka 1872 Felix Klein, mwalimu wa hesabu kule Erlangen katika Udachi, alionyesha kwamba kila namna ya jeometria inajulikana kwa mageuzo yake, na kwa mambo yanayobaki salama nyuma ya mageuzo hayo.

Tutazame sasa mpira. Juu ya uso wake hakuna pahali palipo pa kwanza kuliko pengine. Mtu wa Bukavu hawezi kusema mji wake ndio kati ya uso wa dunia, wala mtu wa Kisangani hawezi. Na hata hivyo kila mmoja, akisimama pahali pa wazi, anaona upeo wa macho ukimzunguka sawasawa pande zote. Hayo yashikwe vizuri, maana ndiyo mlango wa mambo yote yanayofuata.

Mwaka 1917 Mholanzi de Sitter alitunga, kwa fomula za Einstein, mfano wa ulimwengu usio na kitu ndani yake. Lakini namna alivyougawa katika nafasi na wakati ilionyesha kana kwamba pana pahali pa katikati. Padri kijana wa Ubelgiji, Georges Lemaître, aliyepewa upadri mwaka 1923, hakukubali. Mwaka 1925 alieleza kwamba kati ile haikutoka katika ulimwengu wenyewe, bali katika namna ya kuugawa. Akaugawa kwa namna nyingine, nukta zote zikawa sawa. Na mara ile nafasi haikutulia tena, ikawa inapanuka. Kwetu sisi hapo ndipo penye utamu wa habari yote: alitafuta ulinganifu, akakuta mwendo.

Mwaka 1927, akiwa mwalimu Louvain, aliendelea. Fomula za Einstein ni kumi, zenye kufungana kama mizizi. Lakini ukikubali kwamba ulimwengu ni sawa pahali pote na pande zote, karibu yote yanaanguka, na linabaki shauri moja kubwa: urefu wa nusu-kipenyo cha ulimwengu unabadilika namna gani kadiri wakati unavyopita? Mrusi Friedmann alikwisha kuyahesabu mambo hayo mwaka 1922, Lemaître asijue. Lakini Lemaître aliyaunganisha na nyota, akieleza kwa nini makundi makubwa ya nyota yanatukimbia. Si kwa sababu sisi tuko katikati; mtu wa kila kundi angeona vilevile. Mwaka uleule Einstein alimwambia kwamba hesabu yake ni sahihi, ila fizika yake haimpendezi hata kidogo. Hubble alitoa vipimo vyake mwaka 1929.

Mwaka 1931 Padri Lemaître aliandika barua fupi katika gazeti Nature juu ya mwanzo wa ulimwengu kadiri ya elimu ya kwanta, ndiyo elimu ya vitu vidogo kabisa. Alifikiri kwamba mwanzoni nguvu zote zilikuwa katika kwanta moja tu, na kwamba maneno «nafasi» na «wakati» hayakuwa na maana mpaka kwanta ile ilipogawanyika. Mwaka 1983 Hartle na Hawking walichukua njia nyingine: mwanzo ni kama ncha ya kusini ya dunia, laini na bila ukingo, kuuliza kilichokuwa mbele yake ni kama kuuliza kusini ya kusini. Nao vilevile walishika ulinganifu, maana bila huo hesabu haifanyiki. Ni mifano, bado haijathibitika.

Lakini ulinganifu kamili ungetuondoa sisi wenyewe. Elimu ya kwanta hairuhusu kitu kutulia kabisa; lazima pawe na mikunjo midogo. Mwaka 1992 chombo COBE kiliiona katika mwanga wa kale unaojaza anga: tofauti kama sehemu moja katika 100.000. Wataalamu wanaona kwamba kutoka mikunjo ya namna ile zilikusanyika nyota, na baadaye dunia yetu.

Yafaa tuseme pia neno kwa wakatekista. Tumesikia mafundisho ambamo habari hizi zinatolewa kama ushuhuda wa sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1951 Papa Pio XII, katika hotuba kwa Akademia yake ya elimu, alizisogeza karibu sana na neno la Mungu juu ya nuru. Lemaître, aliyekuwa mmoja wa Akademia ile, hakupendezwa. Kwake elimu ya nyota ilisimama nje ya mashauri ya dini, mtu asiyesadiki aweze kuikubali au kuikataa kwa uhuru uleule wa mkristu.

Wanaseminari waliosoma Mtakatifu Tomaso hawatashangaa. Yeye alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo katika wakati. Hilo tunalijua kwa imani. Kuumbwa ni kutegemea: kitu kinapokea kuwapo kwake kutoka kwa Mungu, leo kama siku ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi akituuliza kama hesabu ya Hawking inamfukuza Mwumba, tumjibu kwamba hesabu ile inasema habari ya umbo la mwanzo, nasi twauliza sababu gani kuna kitu chenye umbo.