Nani Alimuua Mume? Rashomon na Kauli za Kitenzi

Katika makala haya tunapendekeza kwa walimu wenzetu filamu ya uhalifu ambayo haina hata neno moja la Kiswahili. Ni Rashomon, filamu ya Kijapani ya mwaka 1950 iliyoongozwa na Akira Kurosawa, ambayo ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1951. Mkanda wa awali uliotoka kwenye kamera ulikwisha kupotea. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani na Japani waliirekebisha upya kutoka katika nakala iliyochapwa mwaka 1962, wakaondoa mikwaruzo, na leo inapatikana katika diski za kutazamia nyumbani. Ina dakika 88 tu.

Diski hiyo inakuja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kwa mtazamaji wa Jinja au Mbale, huo ni utaratibu mkavu. Katika vibanda vya video vya miji hiyo filamu imezoeleka kufasiriwa kwa mdomo: sauti ya filamu hupunguzwa, VJ akashika maikrofoni na kueleza kwa Kiganda, ingawa wengi walio kwenye mabenchi nyumbani kwao husema Kisoga au Kimasaba. Huko Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili, na Kenya wanaye DJ Afro. Wako wasomi wanaoudharau ufundi huu. Sisi hatumo. Japani yenyewe, enzi za filamu zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao walikaa kando ya pazia na kuzisemea picha. Heigo, kaka yake Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipoingia benshi wakaanza kukosa kazi, naye Heigo alijiua mwaka 1933.

Zoezi letu basi ni hili. Wanafunzi waitazame filamu mara moja na maandishi yake, kisha maandishi yazimwe, nao wawe VJ wa Kiswahili.

Kisa chenyewe ni kifupi. Samurai amekutwa amekufa msituni, na mashahidi wanaletwa mbele ya hakimu. Ajabu ni kwamba watu watatu wanaohusika hawakimbii lawama. Jambazi Tajomaru anasema, “Nilimuua,” tena kwa fahari: “Tulipigana,” panga zikagongana mara 23. Hapo mwalimu asimame kidogo. Kauli ya kutendana inamfanya marehemu kuwa mpinzani wa hadhi sawa, na hivyo inampandisha msemaji mwenyewe. Marehemu naye, akinena kupitia kwa mwanamke aliyepandwa na roho (watu wa pwani wangemwita kiti), anadai, “Nilijiua.” Silabi moja tu, -ji-, imebadilisha kesi nzima.

Ushahidi wa mke ndio mgumu kuufasiri. Anasema alimsogelea mumewe akiwa na jambia mkononi, akazirai, na alipozinduka akaliona jambia kifuani mwa mume. Mwanafunzi atasemaje? “Nililizamisha” ni kukiri. “Lilizamishwa” kunaleta mtendaji aliyejificha. “Lilikuwa limezama” hakumtaji mtu wala hakumwachii nafasi. Tunadhani hili la tatu ndilo la mke, ila tungependa wanafunzi wabishane.

Hatari ya pili iko kwa msimulizi. VJ wa kibandani amezoea kumjua steringi tangu dakika ya kwanza, naye hupenda kutangulia hadithi. Katika filamu hii hakuna steringi. Akitumia “kumbe” katika ushahidi wa jambazi, amekwisha kuhukumu. Akitumia “ati”, amemrudishia msemaji maneno yake bila kuyadhamini. Mkata kuni, ambaye mwishoni anatoa maelezo ya nne, ndiye atakayewashawishi wengi kutumia “kumbe”. Wakumbushwe kwamba kuna jambia la thamani lililotoweka, na kwamba yeye ndiye anayeshukiwa kulichukua.

Kwa nini tunalisisitiza jambo hili huku mashariki mwa Uganda? Kwa Waganda wengi wa rika la wazazi, Kiswahili kilisikika kwanza kwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani vya enzi za Idi Amin (1971–1979): “Simama!”, “Lala chini!”, “Toa!”. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi. Hata hivyo, wapo wanafunzi wanaotujia na hali ya kuamrisha wakiwa wameikamilisha, lakini hawawezi kusema “huenda”, “yadaiwa” au “kama ningalikuwapo”. Mtu asiye na maneno hayo akisimama kizimbani ataonekana ama mwongo ama mkosaji.

Jambo la mwisho kwa mwalimu. Katika Rashomon hakimu haonekani wala hasikiki. Mashahidi wanatazama kamera na kujibu maswali tusiyoyasikia. Kundi la pili la wanafunzi liyaandike maswali hayo kwa Kiswahili, bila kutumia amri hata moja, kisha liyasome kwa sauti katika vituo vya kimya huku filamu ikiendelea.