Mbolea iliyoganda bado ni mali

MSIMU wa kupandia ukipita, mifuko ya Urea na CAN iliyobaki stoo huvuta unyevu na kuganda kama mawe. Wenye bustani wengi huiona imeharibika na kuitupa mtaroni. Hiyo ni hasara ya wazi. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni, na kuganda peke yake hakuziondoi. Mabonge yakipondwa, mbolea hutumika kwa kipimo kilekile, ilimradi haikulowa na kuyeyuka.

Asiyeihitaji amgawie jirani mwenye mahindi au mchicha, ikiwa ndani ya mfuko wake wenye lebo. Kuiuza ni jambo jingine: nchini Tanzania, Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inamtaka muuzaji awe na leseni.

Ya mtaroni husombwa na mvua hadi mtoni, ikayalisha magugu maji, ambayo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua gharama yake. Kuichoma ni kubaya zaidi, hasa CAN, kwani naitreti huchochea moto na kutoa moshi wa sumu.

Iliyochanganywa na dawa ya kuua magugu isigawiwe kabisa. Hiyo aulizwe bwana shamba.