Konde au Nyakyusa: Jina Lipi Liandikwe?

Andika neno "konde" kwenye simu yako uone kitakachokuja. Huenda ukaletewa Harmonize na Konde Gang yake, au mashamba, au ngumi za mabondia, maana kwa Kiswahili konde ni shamba na konde ni ngumi. Watu wa wilaya ya Rungwe watakuwa chini kabisa ya orodha, kama wamo. Na hao ndio walioitwa Konde na Wajerumani waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Jina hilo likaingia katika ripoti zao na vitabu vya wamisionari, na mwaka 1925 D. R. MacKenzie akaliweka kwenye jalada la The Spirit-Ridden Konde. Bado liko hai Tukuyu penyewe, yaliko makao makuu ya Dayosisi ya Konde ya KKKT. Lakini Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, alipochapisha Good Company mwaka 1951 aliwaita Nyakyusa. Msomaji anayejua jina moja tu amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya maandishi ya kwao, na wala hatajua kwamba amepoteza.

Wengi wanaamini kwamba kompyuta imeimaliza kazi ya mkutubi ya kuorodhesha vitabu. Naona imeizidishia uzito. Mashine ya kutafutia ya katalogi, kwa kawaida, inalinganisha herufi ulizoandika na herufi ilizonazo. Haijui kwamba Konde wa Mjerumani na Nyakyusa wa Monica Wilson ni jamaa wa bonde moja. Kujua hivyo ni kazi ya mtu, na zamani mtu huyo aliiandika kwenye kadi ndogo ndani ya droo: "Konde: tazama Nyakyusa." Maneno matatu tu, lakini ndiyo yanayomvusha msomaji kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Tukuyu nayo inahitaji kadi kama hiyo, kwa sababu enzi za Wajerumani iliitwa Neu-Langenburg. Anayechunguza historia ya mji huo kwa jina la leo peke yake atakuta nyaraka zinaanza na Waingereza. Hata Monica Wilson mwenyewe anahitaji kadi yake. Kitabu chake cha mwaka 1936 kuhusu Wapondo wa Afrika Kusini kilitoka kwa jina la Monica Hunter, na asiyeambiwa atadhani ni wanawake wawili.

Rungwe imewahi kutoa mfano mzuri wa jambo hili nje kabisa ya maktaba. Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kima wa misituni, asiyejulikana kwao, anayeishi katika misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo na katika msitu wa Ndundulu upande wa Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimwita kipunji kabla ya hapo, na wataalamu walilichukua jina hilo. Mwanzoni aliwekwa katika kundi la Lophocebus. Mwaka uliofuata, baada ya uchunguzi zaidi, akahamishiwa kundi jipya lililopewa jina la mlima wenyewe, Rungwecebus. Makala za mwaka 2005 zina jina moja la kisayansi, za baadaye zina jingine, na linalobaki palepale katika yote mawili ni neno la wenyeji. Ukitaka kuzikusanya makala zote kwa mkupuo mmoja, tafuta kipunji. Jina lililotoka kwa watu wanaomjua mnyama limedumu kuliko cheo alichopewa maabarani.

Sasa tuifungue rekodi moja ya katalogi ya kielektroniki tuone ndani yake mna nini. Mtindo unaotumika sehemu kubwa ya dunia unaitwa MARC, na ulianza miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram. Kila taarifa ina namba yake: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni mada. Mahali fulani katika rekodi pana nafasi ya herufi tatu tu, za lugha. Kiswahili ni swa. Kinyamwezi kina nym, Kinyankole kina nyn, Kinyoro kina nyo. Kinyakyusa hakina herufi zake katika orodha hiyo. Kitabu cha nyimbo cha Kinyakyusa kinaandikwa bnt, yaani lugha nyingine yoyote ya Kibantu, ndani ya gunia moja na lugha nyingi zilizokosa nafasi. Dawa ipo. Orodha nyingine ya kimataifa, pana zaidi, imeipa lugha hiyo nyy, na MARC inaruhusu kuiongeza katika namba 041. Ila mtu lazima akifungue kitabu, atambue kwamba hiki ni Kinyakyusa, kisha ajisumbue kuandika. Mkutubi aliye maelfu ya kilomita kutoka Kiwira hana sababu kubwa ya kujisumbua. Ndiyo maana siridhiki ninapoambiwa kwamba maktaba kubwa za ng'ambo zimeshatufanyia kazi hii.

Yapo maswali ya haki kwa anayesema tuifanye kazi hii wenyewe, huku nyumbani. La kwanza ni fedha, kwani wilaya ina zahanati na madarasa ya kujenga. Lakini gharama hapa si programu. Koha, programu ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, haina ada ya leseni, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Kinachogharimu ni watu, na Bodi ya Huduma za Maktaba inacho Chuo cha Ukutubi Bagamoyo kinachowafundisha. La pili ni akili bandia: je, haitaorodhesha yenyewe? Itasaidia, na katika vitabu vya Kiingereza itasaidia sana. Ila inajifunza kutokana na kilichokwisha kuandikwa, na lugha iliyotupwa kwenye gunia la bnt haiipi mengi ya kujifunzia. Tena sheria zetu za kuwasilisha nakala kwa maktaba ya taifa, tangu miaka ya 1960, zilitungwa kwa ajili ya karatasi. Leo historia ya ukoo inaweza kuandikwa kwenye kompyuta, ikageuzwa PDF na kusambazwa kwa WhatsApp bila mwaka wala jina kamili la mwandishi. Simu zikibadilishwa, imekwenda.

Swali gumu kuliko yote ni la jina lenyewe. Nyakyusa, kwa maana finyu ya zamani, ni watu wa tambarare za Kyela. Huku milimani walikuwapo Wakukwe, Waselya na wengine, ambao jina hilo liliwafunika baadaye. Mkutubi akichagua Nyakyusa, hajawafuta wengine? Kwenye droo ya kadi hofu hiyo ilikuwa ya kweli, kwani jina moja lilikaa juu na mengine yalitegemea kadi ambazo huenda zisichapwe kamwe. Katalogi ya kielektroniki inaweza kuyabeba majina yote katika rekodi moja bila kuongeza hata karatasi, ili mwanafunzi wa Busokelo anayeandika "Wasokile", jina jingine la watu haohao, apate kitabu kilekile anachopata mtafiti wa Berlin aliyeandika "Konde".