Mtihani wa Picha na Uko Chewele? Faili Ndiyo Itakuokoa

Wacha nikushtue mapema kabla hujaenda kukopa kamera ya mtu. Kama unasomea upigaji picha ama media kwa chuo cha ufundi, na umeshuka home Chewele kutafuta picha za mtihani, jua mtathmini hatakuwa na wewe huko. Hatakuona umechutama kando ya mfereji wa skimu ya Bura saa sita mchana, jasho likikuingia machoni. Hatajua ulingoja ng'ombe washuke mtoni dakika arobaini nzima. Yeye ataona faili tu.

Kuna beshte yangu hii kitu ilimchoma vibaya. Mafuriko ya El Niño, Novemba 2023, alipiga picha moja kali sana: mama amekaa kwa mtumbwi, kuku amemkumbatia kifuani, na nyuma yake kinachoonekana ni mapaa ya nyumba peke yake. Ile picha ukiiona unanyamaza. Akaitupa kwa grupu ya darasa WhatsApp, watu wakamwaga moto na makofi. Wiki mbili baadaye simu ikaingia maji, ikafa. Siku ya kutathminiwa akatoa ile ya WhatsApp, akaulizwa: asili iko wapi? Uliipiga lini? Zile zingine ulizopiga kabla ya hii ziko wapi? Jamaa akabaki anaangalia viatu. Akaambiwa bado hajafikia kiwango, arudie. Sasa mafuriko utarudia aje?

Tuelewane kwanza na mfumo wenyewe. Kozi zinazotathminiwa na TVET CDACC zinataka potifolio ya ushahidi, yaani ile faili ya kuonyesha kazi uliifanya na uliifanya vipi. Mwalimu anakutathmini, halafu anakuja mhakiki wa nje kuangalia kama kile mwalimu alisema kiko sawa kiko sawa kweli. Huyu wa pili hakujui, na hana haja na story. Anauliza maswali manne tu kuhusu ushahidi wako: unahusu kazi uliyopewa? Ni wako kweli? Unatosha? Ni wa siku hizi? Ukiniuliza mimi, wasee wengi huanguka kwa la pili na la tatu, na wala si kwa sababu hawajui kupiga picha.

La pili kwanza. Picha ikitoka kwa kamera ama simu hubeba maelezo ndani yake: tarehe, saa, aina ya kamera, kasi ya shata, ISO, na kama umewasha GPS, hata mahali ulikuwa. Hayo ndiyo huitwa EXIF. Ukituma picha kwa WhatsApp kawaida, inabanwa na hayo maelezo yanafutwa. Ikibidi utumie WhatsApp, itume kama dokumenti, siyo kama picha. Faili asili usiiguse kamwe. Ukitaka kukata ama kubadilisha rangi, toa nakala, fanyia hiyo. Na kabla utoke nyumbani, angalia saa ya kamera. Kamera za kukopa zina tabia ya kuamini bado tuko 2015, halafu ushahidi wako wote unaonekana wa miaka hiyo.

La tatu linahitaji uvumilivu, na hapa ndipo kuna alama. Usifute picha mbaya! Najua zinakuaibisha. Lakini mhakiki akiona picha moja safi peke yake, hawezi kujua kama ni ujuzi ama ni bahati. Akiona ishirini, za kwanza zimeungua na jua, za katikati zimepinda, za mwisho zimenyooka, anaona mtu anajifunza. Zipange zote ndogo ndogo kwa ukurasa mmoja, uchore duara kwa ile uliyochagua, uandike kwa nini. Halafu kila siku ukirudi, kabla usingizi ukubebe, andika mistari mitatu kwa daftari. Hivi tu:

“Saa tano asubuhi, chini ya mwembe. Uso wa mzee umekuwa giza kwa sababu anga nyuma yake ni nyeupe. Kesho nifike mapema, nimgeuze aangalie mto.”

Hiyo mistari ina thamani kuliko kurasa nne za maneno umetoa kwa intaneti. Mwalimu atajua tu, usijidanganye.

Kuhusu hilo jua, Chewele iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua halibembelezi. Linachomoza kwenye saa kumi na mbili asubuhi na kufikia saa tatu tayari limekalia kichwa, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Fanya kazi mapema, ama ungoje kuanzia saa kumi jioni. Mchana ukikubana, mtoe mtu kwa jua kali umweke kivulini, lakini usimweke na mwangaza nyuma yake. Kamera hupima ile sehemu kubwa inayong'aa na kuifanya ya wastani, ndiyo maana ngozi yetu nyeusi inazama. Kwa simu, gusa uso kwa skrini halafu uongeze mwangaza kidogo. Na uandike kwa daftari kwamba ulifanya hivyo. Hiyo ni ushahidi pia.

Sasa ruhusa, na hapa siongei mchezo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Wewe huna hizo doh. Mtoto yeyote chini ya miaka 18, ongea na mzazi ama mlezi. Mtu mzima, ongea naye mwenyewe: mwambie picha ni ya mtihani, itaonwa na nani, na kama utaiweka mtandaoni. Andika kikaratasi kifupi cha Kiswahili asaini. Kama hasomi, msomee, na kama Kiswahili hakimkai vizuri tafuta mtu amwelezee kwa Kiorma ama Kipokomo. Ukifika boma la wenyewe, salamu kwanza, mwulize mzee habari za mifugo na mvua, kamera ikiwa bado ndani ya mfuko. Anaweza kukataa. Mwambie asante, uende.

Maelezo chini ya picha nayo yana uzito kwetu kuliko kwa mtu wa Nairobi. Tana Delta, 2012 hadi mwanzo wa 2013, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua zaidi ya watu mia moja. Ukipiga ng'ombe karibu na mahindi halafu uandike “mifugo yavamia shamba” na hukuona ikivamia, umewasha kitu hutaweza kuzima. Andika ulichoona: ng'ombe wanapita kando ya shamba la mahindi, karibu na mfereji, tarehe fulani. Jina la mtu kama amekubali. Kabila acha, isipokuwa kazi yenyewe inahusu hilo na mwenyewe amesema sawa.

Mwisho ni kuhifadhi, maana vumbi, joto na maji ya huku havina huruma na simu. Weka nakala tatu: moja kwa simu ama memori kadi, moja kwa fleshi inayokaa nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi ama kwa beshte, na ya tatu mtandaoni. Bando ikiwa noma, subiri siku unaenda Hola ama Garissa, uingie saiba upandishe zote mara moja. Faili zipe majina yanayoeleweka, kama “chewele_mfereji_07”, maana ukirudi chuo miezi miwili baadaye, IMG_4471 haitakukumbusha chochote.

Kama umeshapiga na hujafanya lolote kati ya haya, anza leo jioni na nakala ya pili. Daftari utalijaza kesho, bado unakumbuka.